Mpira wa Nchi ya Yala

Elphas Lidonde wetu, ambaye tangu Februari ya 2007 amelala kwenye udongo mwekundu wa Kaimosi ubavuni mwa baba yake, alikuwa na nchi yake mwenyewe. Aliiita Yala, kama ule mto unaopita kwao. Haikuwa na balozi wala stempu, na hakuna ndege iliyowahi kutua huko. Lakini wote waliowahi kula nyumbani kwake Pearland, huko Texas, siku ya Jumapili wangeweza kukutajia mipaka yake, jina la rais wake wa kwanza, na timu iliyochukua ubingwa wa mpira mwaka wa 1931. Hilo la ubingwa ndilo lililoleta maneno.

Nchi hiyo ilizaliwa Mesquite, upande wa mashariki wa Dallas, mwaka wa 1994. Elphas alikuwa ndio kwanza amefika Marekani, mkewe Rispa akiwa bado nyumbani Kenya, akapata kazi ya kupanga makatoni ghalani. Aliyemwonyesha kazi alikuwa Kiplagat, kijana wa Nandi aliyemtangulia kufika. Ijumaa moja jioni Kiplagat akamchukua hadi uwanja wa shule moja ya sekondari wakatazame mpira wa Kimarekani. Elphas alikuwa amecheza raga shuleni, tena akiwa kati ya wale wa mbele wanaosukumana mabega, basi aliketi akitarajia kitu anachokijua. Akaona mpira wenye umbo la yai, sawa. Akaona watu wakigongana, sawa. Lakini kila wakianguka filimbi inalia, wanaamka, wanakusanyika duara, wanainamisha vichwa.

"Sasa hapo wanafanya nini?" akauliza.

"Kamati," Kiplagat akasema. "Hawa jamaa ni watu wa kamati. Kazi dakika moja, mkutano dakika kumi. Ndiyo sababu nchi yao imeendelea."

"Hapana bwana. Hawa wanaomba."

"Wanaomba nini?"

"Wamenyamaza wakingoja kuongozwa. Kiplagat, hawa ni Marafiki! Hawa ni watu wa kwetu kabisa!"

Elphas alilelewa katika kanisa la Marafiki, ambalo wamishonari wa Kimarekani walilileta Kaimosi mwaka wa 1902, na watu wa kanisa hilo wanajua kuketi pamoja kimya mpaka moyo wa mmoja uguswe ndipo aseme. Njiani kurudi hakuacha kulizungumzia. Je, kama wamishonari wale wangekuja na mpira huu? Je, kama reli ya Waingereza ingeishia Naivasha kwa kukosa vyuma, nchi yote ya magharibi ikabaki bila gavana, ikiwa na Marafiki tu, kinu chao, na mpira wa yai? Kiplagat alicheka mpaka akapitiliza njia ya kutokea kwenye barabara kuu. Wakazunguka huko mbali, na walipofika nyumbani Yala ilikuwa tayari na bunge.

Kwa miaka iliyofuata aliisimulia na kuiongezea, na ikawa hivi. Mpira wa kwanza ulifika Kaimosi ndani ya sanduku la misumari la seremala wa misheni. Ulipopasuka, wenyeji walishona mwingine kwa ngozi ya fahali, na kwa kuwa hawakuwa na kipimo cha Kizungu, uwanja ukapimwa kwa kamba ya kufungia fahali. Timu ilipewa majaribio manne ya kusogea kamba moja mbele. Mwanzoni kila jaribio lilitanguliwa na ukimya wa kweli, hakuna kuanza mpaka mchezaji mmoja aguswe moyoni, kwa hiyo mechi ya kwanza kati ya Kaimosi na Vihiga ilimalizika siku ya pili na akina mama wakalazimika kuleta viazi vitamu uwanjani. Halafu Wakatoliki wa Mukumu wakaleta jambo jipya, la kuutupa mpira mbele. Kaimosi wakalikataa. Walisema mpira ni kama neno, unautembeza mwenyewe mpaka unakokwenda, huurushi hewani ukitumaini. Mzozo huo ulikaribia kuigawa nchi. Dhahabu ilipopatikana Kakamega, vijana wakatoka migodini na kofia ngumu za wachimbaji, na hapo ndipo vichwa vya Yala vikaanza kupona. Kaimosi walivaa kijani kwa ajili ya msitu wao. Mukumu walivaa buluu kwa ajili ya Bikira Maria. Mtu akivuka mstari wa mwisho na mpira, ngoma za isukuti zilipigwa, na mchezo haukuendelea mpaka wapigaji wenyewe watosheke.

Rispa alipomfuata, alisomea uuguzi, wakahamia Houston, na baadaye wakapata nyumba Pearland. Mtoto wao Imelda alizaliwa huko. Rispa alikuwa muuguzi wa wodi, na Elphas akapata kazi hospitali hiyo hiyo ya kuwahamisha wagonjwa: kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu, kutoka kiti hadi mashine ya picha, na kuwarudisha. Alikuwa na mikono mizito kama ya baba yake, lakini ikishika mgonjwa inakuwa mikono mingine. Kuna wazee waliokataa kuinuliwa na mtu mwingine. Walimngoja. Usiku kabla ya kulala aliwataja mmoja mmoja mbele za Mungu, hata wale ambao hakuwajua majina, akisema tu yule wa goti, yule aliyelia.

Mwaka wa 2002 baba mkwe wake alifariki huko Isukha, karibu na misheni ya Mukumu. Akabaki mama mkwe, Mama Apolonia, peke yake na ugonjwa wa sukari. Watoto wake wengine walikuwa wametawanyika, na nyumbani hakukuwa na umeme wa kuhifadhia dawa wala mtu wa kumchoma sindano. Mara mbili majirani walimkuta chini sakafuni. Rispa alikuwa ameshapata uraia, akamwombea mama yake karatasi, na mwaka uliofuata, maua ya bluboneti yakiwa yamechanua kando ya barabara, Mama Apolonia akashuka uwanja wa ndege wa Houston na rozari yake shingoni na leso mbili kiunoni. Elphas ndiye aliyewaendesha kwenda nyumbani. Mama aliketi kiti cha nyuma kabisa, uso dirishani, na Elphas alikigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikatazama dari.

Maana kwa Waluhya, mkwe na mama mkwe wake hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani akampisha mwenzake. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, kwa sababu huyo ndiye aliyekuzalia mke. Nyumbani jambo hili ni rahisi, kuna vichaka, kuna jiko la nje, kila mtu ana nyumba yake. Pearland kuna korido moja. Elphas akawa anapiga honi kila akifika ili mama mkwe apate nafasi ya kuingia chumbani. Ndani ya nyumba alikohoa kabla ya kila kona. Alikohoa hata mwalimu wa Imelda akapiga simu kuuliza kama baba wa mtoto amepimwa kifua.

Mama Apolonia hakutaka kuishi. Hakusema hivyo, ila ilionekana. Sahani ziliingia zikatoka vilevile. Rispa alimchoma sindano asubuhi na jioni, akambembeleza, akamgombeza, akalia jikoni. "Sukari si mchezo, Mama. Ukichomwa dawa halafu usile, inashuka, unaanguka." Mama alijibu, "Nimesikia," akageukia ukuta. Alisali rozari kwa ajili ya marehemu mumewe, na baada ya rozari alikaa kimya hadi jioni. Elphas, ambaye mchana kutwa aliinua wazazi wa watu wasiomhusu, aliporudi nyumbani aliketi sebuleni akiusikiliza ukimya huo nyuma ya mlango, na hakuruhusiwa hata kuuliza, "Mama, umeamkaje?"

Kitu alichokuwa nacho ni Yala. Basi Jumapili moja baada ya kanisa, Rispa akiosha vyombo na Imelda amejilaza kwenye zulia, Elphas akaanza kusimulia fainali ya 1931, kwa sauti kubwa kuliko kawaida, uso ukielekea korido.

"Mukumu wakatupa mpira mara ya kwanza, ukaanguka. Wakatupa mara ya pili, ukaanguka. Padri wao akatoa leso akajifuta jasho. Kaimosi nao hawakutupa kitu. Walitembea tu na mpira wao, kamba kwa kamba, kama watu wanaokwenda kanisani. Filimbi ya mwisho ilipolia, Kaimosi ishirini, Mukumu yai, sufuri kabisa."

"Uongo."

Sahani ilimponyoka Rispa ikarudi majini. Sauti ilikuwa imetoka chumbani.

"Rispa," sauti ikaendelea, "mwambie bwana yako Mukumu hawakufungwa ishirini. Mukumu hawajawahi kufungwa ishirini na mtu yeyote."

Rispa akageuka na mapovu mikononi. "Mama anasema..."

"Nimesikia anachosema," Elphas akasema. "Mwambie Mama, kwa heshima zote, siku hiyo kulinyesha. Mpira uliloa. Mpira wa kutupwa ukiloa hauendi."

"Mama, anasema..."

"Nina masikio! Mwambie mvua ya Isukha nimezaliwa nayo mimi. Mvua hiyo ni ya saa tisa. Mechi ilianza saa ngapi?"

Elphas hakuwa amewahi kufikiria mechi ilianza saa ngapi. "Saa nane," akasema.

"Basi kulikuwa na saa nzima ya ukavu. Katika saa hiyo Mukumu walikuwa wanafanya nini? Wanasuka mikeka?"

Imelda alicheka mpaka akajikunja. Rispa aliketi kwenye kiti cha jikoni, akafunika macho kwa mikono iliyoloa. Tangu mazishi hakuwa amemsikia mama yake akibishana.

Kuanzia hapo Yala ikawa na wenyewe wawili. Kila Jumapili Elphas aliketi sebuleni, Mama akavuta kiti karibu na mlango wake uliofunguliwa kidogo, na Rispa akawa katikati, akitumwa huku na huku na maneno ambayo kila mtu ameshayasikia. "Mimi sasa nimekuwa waya wa simu," alilalamika, lakini hakuondoka. Mama alidai kujua wanawake wa Yala walikuwa wapi wakati wanaume wanagongana. Elphas akasema walikuwa wanapika. Mama akakataa katakata. Alisema mwaka wa 1938 bibi yake mwenyewe alipita katikati ya Kaimosi nzima na kikapu cha viazi kichwani, akavuka mstari, akakitua, na chini ya viazi ulikuwemo mpira. Kaimosi walikuwa wamempisha kwa adabu.

"Hiyo si halali!" Elphas akapiga kelele.

"Rispa, mwulize kuna sheria gani inayokataza viazi."

Hakukuwa na sheria. Ikabidi bunge la Yala liketi.

Watu wa nyumba wakaamini kwamba mama amepona, na hapo ndipo walipokosea. Kusema alisema, lakini kula hakula. Sahani zilianza kurudi tupu, Rispa akamshukuru Mungu, bila kujua kwamba mama anasukuma mkate na ugali nje ya dirisha, na ndege wa Pearland wananenepa. Moyo wake ulikuwa umechangamka Jumapili. Siku nyingine zote ulikuwa kaburini na mumewe.

Jumapili moja ya Agosti, joto likiwa la kukausha mate, Rispa alikuwa zamu na Imelda alikuwa ametoka na watoto wenzake wa shule ya Jumapili. Elphas na mama mkwe hawangeweza kubaki peke yao ndani, kwa hiyo jirani yao Shiru, muuguzi wa kutoka Nyeri, aliahidi kuja kukaa na mama. Shiru akachelewa. Elphas alitoa kiti cha plastiki akaketi gereji, mlango wake mkubwa ameupandisha juu, anajipepea na gazeti la kanisa.

Alisikia kishindo ndani ya nyumba. Hakikuwa kikubwa, kama gunia lililojaa nusu.

Alikimbia hadi koridoni, na mlangoni miguu ikasimama yenyewe. "Mama? Umeanguka?"

"Usiingie."

Sauti ilikuwa nzito, ulimi umelegea kama wa mlevi. Elphas alikuwa ameisikia sauti kama hiyo mara nyingi kazini. Sukari ilikuwa imeshuka. Alipiga simu ya gari la wagonjwa, wakamwambia wako njiani. Alimpigia Shiru, simu ikaita bila kujibiwa. Alimimina juisi ya machungwa, akarudi mlangoni nayo. Alijua kwamba mama akizimia kabisa hataweza tena kumeza. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ungesukumwa kwa kidole. Lakini alimjua mama huyu. Akiinuliwa kwa nguvu na mkwe wake, ataamka na aibu isiyo na dawa, na atakachokikataa baada ya hapo hakitakuwa chakula peke yake.

Elphas aliegemea fremu ya mlango, akafumba macho. Alinyamaza jinsi alivyofundishwa tangu utotoni, kwa muda mfupi sana, maana muda haukuwepo. Kisha akasema:

"Mama, kuna kesi Yala."

Akasogeza mdomo karibu zaidi na mlango.

"Kijana ni wa Kaimosi. Baba mkwe wake ni wa Mukumu. Mzee ana mpira, anakuja nao mbio, na mbele yake amebaki kijana peke yake. Akimshika, amemvunjia mkwewe heshima. Asipomshika, amewasaliti wenzake. Wazee wameitwa uwanjani."

Alisikia kucha zikikwaruza zulia. "Walisema nini?"

"Sijui, Mama. Sijaitunga bado. Mwamuzi ni wewe."

Akaweka kiganja kwenye mlango.

"Walisema," sauti ikatoka, kidogo sana, "ndani ya mistari... hakuna mkwe. Kuna wachezaji."

"Na mstari uko wapi, Mama?"

"Uko hapo mlangoni. Ngoja. Ngoja nijifunike."

Alihesabu pumzi zake mwenyewe, akaingia. Mama alikuwa chini kati ya kitanda na ukuta, leso ameitupia usoni. Elphas alipiga magoti, akamwinua vile alivyowainua maelfu, mkono mmoja nyuma ya mabega, mwingine chini ya magoti. Alikuwa mwepesi mno. Akamwegemeza, akapitisha bilauri chini ya leso bila kuiinua, akapapasa mpaka akaupata mdomo. "Kidogo, Mama. Meza. Tena." Alimeza. Walikaa hivyo, yeye akitazama ukutani, mama akitazama maua ya leso kwa ndani, mpaka ving'ora vikasikika barabarani.

Wahudumu wa gari walisema juisi ile ndiyo iliyomwokoa. Rispa alikuja mbio na sare yake ya kazi, akamkumbatia mumewe mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake. Lakini shida ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mama aliporudi nyumbani kutoka hospitali, alifunga mlango. Jumapili ikaja, Elphas akaketi sebuleni, kiti cha upande wa pili hakikuvutwa. Alianza kusimulia hata hivyo. Alipogusa ile hukumu kwa mbali, mlango ulibonyezwa ukajifunga sawasawa. Siku ya nne Rispa alimkuta mama yake anakunja nguo.

"Nikatie tiketi," Mama akasema. "Nirudi."

"Urudi wapi, Mama? Nani atakuchoma sindano?"

"Mungu."

"Mama, ukienda huko utakufa kabla ya Krismasi!"

"Nimebebwa na mkwe wangu kama mtoto mchanga. Kila nikimsikia anakohoa naona haya mpaka mifupani. Alifanya vizuri, Mungu ambariki. Lakini siwezi kukaa."

Usiku huo Elphas hakula. Alimwambia Rispa, "Nimemwokoa ili nimfukuze."

Rispa akampigia mjomba wake Modestus, kaka ya mama, katekista wa huko nyumbani. Aliiweka simu mezani kwa sauti ya wazi ili Elphas naye asikie.

"Amemgusa?" Mzee Modestus akauliza.

"Alikuwa anakufa, Mjomba."

"Sijauliza kama alikuwa anakufa. Nimeuliza, amemgusa?"

"Ndiyo."

"Uso aliuona?"

"Mama alijifunika leso. Tena Mama mwenyewe ndiye aliyetoa ruhusa. Alisema ndani ya mistari hakuna mkwe."

"Mistari gani?"

Rispa akajaribu kueleza. Alieleza mpira, Marafiki, reli iliyoishia Naivasha, fainali ya 1931, huku dakika za simu zikiyeyuka. Upande wa pili jogoo akawika.

"Rispa," Mzee Modestus akasema mwishowe, "hiyo nchi yenu siijui. Sheria zake zifanye kazi hukohuko. Mimi najua blanketi na mbuzi. Blanketi ni ya mama, mbuzi ni wa watu wote. Mkwe akitoa hivyo, aibu inaondoka, na wataketi meza moja mpaka wazeeke. Hamkujua?"

"Nilisikia, Mjomba. Nilidhani ni mambo ya zamani."

"Kwani kuanguka kumekuwa kwa zamani? Na umwambie dada yangu asipande ndege na aibu hiyo. Akija nayo hapa, mimi nitamtolea wapi? Mkwe yuko huko."

Jumamosi asubuhi Elphas akaenda dukani kununua blanketi. Muuzaji alimwonea huruma, kwa maana nje lami ilikuwa inalainika kwa jua. Alichagua nzito kuliko zote, laini kama manyoya ya mwana-kondoo, akaileta nyumbani mikononi kama anabeba mtoto. Desturi ni kwamba hampi mwenyewe, mwanamke mwingine ndiye anayeingia nayo, na kwa kuwa Rispa ni mtoto wa mama huyo, kazi ikamwangukia Shiru.

"Nyinyi Waluhya mtaniua na mambo yenu," Shiru akasema, lakini alivaa kitambaa kichwani kwa heshima, akaingia. Akakaa. Akatoka, na blanketi bado iko mikononi.

"Amekataa?" Rispa akauliza.

"Ameniambia nirudishe ujumbe kama ulivyo. Anasema, Mungu ni shahidi wake, hawezi kulala akiwa amefunikwa na Kaimosi."

Wote wakaitazama blanketi. Ilikuwa ya kijani. Elphas hakuwa amefikiri, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye rangi ya msitu wa kwao. Alianza kucheka polepole, halafu kwa nguvu, akalazimika kushika ukuta. Tangu mama aanguke hakuwa amecheka. Mama Apolonia alikuwa bado yuko Yala, na alikuwa bado anabishana.

"Unacheka nini, Baba Imelda?" Rispa akamfokea huku machozi yakimtoka. "Rudi dukani upesi!"

Akarudi. Alileta ya buluu, ina farasi wawili kwa sababu ya buluu isiyo na farasi haikuwepo. Shiru akaingia nayo, na safari hii akatoka mikono mitupu.

Mbuzi walimpata kwa mkulima mmoja mbele ya mji wa Alvin, aliyeuliza kama ni wa harusi, na Elphas akasema karibu hivyo. Siku iliyofuata watu wa ushirika walifika baada ya ibada, Wakenya wa Pearland na wa Houston, mmoja akachoma nyama uani, wengine wakasonga ugali. Mzee mmoja wa kanisa aliomba, akashukuru kwa ajili ya mama aliyerudishwa kutoka sakafuni na mikono iliyomrudisha. Meza ikatandikwa ndani. Rispa akaenda kugonga mlango wa chumba.

Mama Apolonia alitoka akiwa amejifunga blanketi mabegani katika joto lile, jasho likimtiririka, hataki kuivua. Alipita koridoni hatua kwa hatua. Miguu ya Elphas, iliyozoea kukimbilia gereji kila ikisikia ndala hizo, ilianza kugeuka yenyewe, na Rispa akamshika shati kwa nyuma.

"Simama," akanong'ona.

Akasimama, macho chini. Alikuwa mkwe wa mama huyu kwa miaka kumi na moja. Ndala zilifika mbele yake zikatulia. Mama alinyoosha mkono, akamshika kidevu, akakiinua, akamtazama usoni kwa muda mrefu, upande huu na upande ule, kama anayekagua mahindi sokoni.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Nimezipata mwaka huu, Mama."

"Ni mimi nimekupa?"

"Nusu ni wewe. Nusu ni Mukumu."

Mama alicheka, mdomo ukiwa umefunikwa na pindo la blanketi. Kisha akavuta kiti kilichokuwa karibu na cha mkwe wake, akaketi, akasogeza sahani mbele yake.

"Rispa, nichome dawa yangu," akasema. "Na wewe, Elphas, nipakulie. Usiniwekee kama unamwekea ndege."